Wageni Waliotaka Kulala Hemani

Mwaka 2012 sikuweza kukaa kitini mpaka chai ipoe. Ningeshika kikombe, nisimame, niende mlangoni kutazama barabara, nirudi, kisha nianze kukitafuta kikombe chenyewe na kukikuta dirishani. Mama alinitazama huku akichambua maharage. "Weye uko na siafu mu miguu," aliniambia, na hakuwa akitania.

Sababu aliijua. Mwanzoni mwa mwaka ule tuliitwa, mama, mdogo wangu wa kike na mimi, tukahojiwa habari za kupelekwa kuishi nchi ya mbali. Tulieleza yote: kijiji chetu cha milimani kule Fizi, Kongo, siku tuliyokimbia, kaburi la baba tuliloliacha nyuma, miaka yetu ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Tulipomaliza tuliambiwa turudi nyumbani tungoje simu. Lini, hakuna aliyesema. Namba iliyoandikwa kwenye dosiye yetu, yaani faili letu, ilikuwa yangu, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa na simu moja tu, na mtu aliyeweza kujibu kwa Kiingereza pale nyumbani nilikuwa mimi. Mdogo wangu alikuwa akisoma bweni Mbarara.

Kwetu Juru, upande wetu wa kambi, mtandao ulipatikana mahali pamoja, nyuma ya jiko, na kwa aliyesimama tu. Mama aliwahi kupeleka kigoda pale, akagundua kwamba ukikaa unapotea. Basi akapigilia msumari ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, akawa anaitundika simu pale kila nilipokuwa nyumbani. Tulipika tukiisikiliza. Tulikwenda shambani kwa zamu. Ikilia, sote tunaruka, na mara nyingi alikuwa mteja wangu akiuliza kama vitenge vipya vimefika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, vitenge na sabuni. Nilivitoa Mbarara nikaviuza Juru na Rwekubo, mji mdogo wa jirani, kwa pikipiki ndogo aliyoniachia mjomba wangu alipohamia Kampala. Mwanzoni watu walisimama barabarani kumwangalia mwanamke anayeendesha, baadaye walichoka. Nikiwa juu ya ile pikipiki siafu walitulia. Upepo ukinipiga usoni, mkono wangu kwenye kishikio cha mafuta, nilikuwa mtu anayekwenda mahali. Nikishuka, walianza upya.

Pikipiki ya zamani haiishi kudai kitu, kwa hiyo nilikuwa mteja wa kila mara wa duka moja la spea pale Mbarara, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa makamo, mnene, mwenye goti bovu na sauti ya kusikika hadi barabara ya pili. Kila mtu alimwita Hajji, nami nilimwita hivyo hivyo. Nyuma ya duka aliweka pikipiki kubwa, ndefu kama ng'ombe wa Ankole, yenye masanduku ya bati pande zote mbili. Jumapili aliitoa, akaendesha na wenzake wachache wenye pikipiki kama hiyo: mwanamke daktari wa meno, mwalimu wa hesabu, na mnunuzi mmoja wa kahawa. Walikwenda mlimani au mtoni, wakanywa chai ya chupa, wakarudi. Siku ya kwanza nilimuuliza Hajji walikuwa wanapeleka nini huko.

"Hapana peleka kitu," alinijibu kwa Kiswahili chake cha Uganda, kisichobagua mimi, wewe na wao. "Tunakwenda, tunarudi. Basi."

Nililibeba jibu lile mpaka nyumbani. Mimi safari nilizozijua hazikuwa na kurudi. Tuliondoka Fizi hatukurudi. Jirani zetu waliopanda basi za kuelekea uwanja wa ndege hawakurudi. Hata mjomba, aliyesema anakwenda Kampala wiki mbili, hakurudi.

Siku moja nilikuwa pale nikingoja nibadilishiwe mnyororo, Hajji akaniita ndani.

"Wewe binti, nakaa Nakivale. Ziwa najua?"

"Ninalijua."

"Sikia. Ile watu ya Kampala ya pikipiki kubwa, kila mwaka napita hapa kama maji. Nakwenda Kabale, nakwenda Rwanda, nakwenda kuona masokwe. Mbarara nanunua mafuta tu. Hapana lala hata siku moja!" Alipiga meza kwa kiganja. "Mimi nataka mwaka huu walale kwetu. Ijumaa mpaka Jumapili. Tupige kambi kando ya ziwa, Jumamosi tuendeshe, tuchinje mbuzi. Lakini fasi iko wapi? Nani atapika? Njia iko namna gani? Wewe nasaidia mimi?"

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Leo nikijiuliza kwa nini, sioni sababu nyingine ila hii: shughuli ile ilikuwa na siku yake. Ijumaa fulani, ya mwezi fulani, baada ya mavuno ya maharage. Katika maisha yangu yote ya wakati ule hakukuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kusema kitatokea lini.

Nilianza siku iliyofuata. Nilimchukua Hajji tukatafute mahali, yeye na pikipiki yake kubwa nyuma, mimi na yangu mbele. Alipenda kilima kimoja cha upande wetu, ambako ziwa lote linaonekana limelala kati ya mafunjo. Tulipopanda, upepo ukamvua kofia ikashuka bondeni, akakubali mwenyewe kwamba mahema yangeifuata. Tukashuka ufukweni. Tulikuta uwanda mzuri wa nyasi fupi, kama umekatwa kwa mashine, na Hajji akaanza kupima kwa hatua jikoni pawe wapi na pa kuswalia pawe wapi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikung'uta nyavu alituangalia kwa muda, kisha akatuuliza kama tunajua nani anayekata zile nyasi.

"Nani?" Hajji akauliza.

"Viboko. Jioni banapita hapa hapa pa miguu yako."

Hajji aliwasha pikipiki.

Mahali pa tatu palikuwa shamba la mkulima mmoja wa kutoka Burundi, mbali kidogo na maji, juu ya mwinuko, lenye miti ya migunga upande mmoja. Alikuwa amemaliza kuvuna maharage. Tulipomweleza alicheka mpaka akashika jembe asianguke, halafu akamwita mkewe aje asikie, nasi tukaeleza tena. Alikubali kwa sharti moja, tusifungie mbuzi kwenye migomba yake.

Kuanzia hapo sikulala vizuri, ila sasa kwa furaha. Nilikwenda ofisi ya kambi kuomba ruhusa; walitaka kujua ni akina nani na watakaa siku ngapi, wakakubali. Niliwapata akina mama watatu wa kanisani kwetu wapike ugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwetu. Hajji angechinja mbuzi mwenyewe ili kila mtu ale bila shaka. Kuni niliagiza mapema zikauke. Nilipita njia ya Jumamosi mara kwa mara, kutoka shambani hadi Kikagati, pale mto Kagera unapoitenga Uganda na Tanzania, kisha kurudi kupitia Isingiro. Kila nilipoimaliza nilikuta sababu ya kuirudia. Daraja moja la magogo lilinitia wasiwasi. Nikaenda kuliangalia, nikarudi, na kesho yake nikaenda tena.

Hajji alianza kunichoka. "Binti, daraja hapana kimbia. Kaa chini, kunywa soda."

Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Aliyenipa kazi zaidi ya daraja alikuwa mama. Nilikuwa nimemficha jambo lenyewe mpaka likamfikia kupitia wale akina mama wa kanisani. Aliniita nyuma ya jiko, chini ya simu.

"Naambiwa kuko batu banakuya kulala mu mahema."

"Ndiyo, mama."

"Nani alibafukuza?"

"Hakuna aliyewafukuza. Wanapenda tu."

"Banapenda." Alilitamka neno kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Bako na nyumba?"

"Wana nyumba. Nzuri. Za matofali."

"Na banaziacha, banakuya kutafuta kambi." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Sisi tulilala mu bashi myaka ngapi? Mvua ikinyesha ninyi mulilala kwa mapaja yangu, maji inapita chini. Sasa mutoto yangu njo anabatafutia fasi ya kulala vile. Aya."

Turubai lile, ambalo sisi Wakongo tunaliita bashi, nililikumbuka vizuri, harufu yake wakati wa jua, na sauti ya mvua juu yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuagiza kuni.

Halafu akaja kwenye jambo lililokuwa linamsumbua hasa. "Na bakipiga? Kule ku ziwa haiko rezo. Bakipiga Ijumaa, bakipiga Siku ya Posho, nani atajibu?" Rezo kwake ni mtandao, na Siku ya Posho ni Jumamosi.

"Nitakuachia simu."

"Mimi? Banasema Kingereza!"

"Nitakufundisha la kusema."

Basi jioni nzima tukasimama nyuma ya jiko nikimfundisha mama maneno matatu: "Plizi, kolu Mande." Tafadhali, piga Jumatatu. Alianza kwa kukataa, kisha akayasema kwa hasira, kisha akayasema vizuri, na kesho yake nilimsikia akiyarudia peke yake huku akisaga mihogo, plizi kolu Mande, plizi kolu Mande, kwa mdundo wa jiwe.

Ijumaa ilifika. Niliondoka nyumbani asubuhi mapema mno. Simu nimeitundika msumarini, mama amesimama chini yake amefunga mikono kifuani. Hakunitakia safari njema. Alisema tu, "Uende basi."

Wageni walifika alasiri, wamejaa vumbi jekundu, pikipiki zikinguruma kama magari. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Watoto wa Juru walitoka mbio hadi mwisho wa shamba. Watu wa Kampala walivua kofia za chuma wakalitazama ziwa, na Hajji alisimama kati yao, mikono kiunoni, kama yeye ndiye aliyelichimba. "Mnaona? Mnaona nini mnapita kila mwaka?" Mahema yalisimama kabla ya jua kuzama, ya bluu, ya kijani, ya manjano, mepesi kama mashati. Mimi nilikimbia kutoka jikoni hadi kwenye kuni, kutoka kwenye kuni hadi kwenye maji. Daktari wa meno aliniambia mara mbili nikae nile. Nilikula nikitembea.

Jumamosi tuliondoka baada ya chai. Nilikuwa mbele kuonyesha njia, wao nyuma yangu. Asubuhi ilikuwa safi, barabara imelowa kidogo, migomba inameremeta kila upande, nami nikafungua mafuta. Daraja la magogo nikalipita bila kulifikiria. Kijiji, kilima, bonde, kijiji. Akili yangu ilikuwa imekwisha kufika Kikagati, ikawa inapanga kurudi. Nilipotazama nyuma hatimaye, barabara ilikuwa tupu.

Nilisimama nikazima pikipiki ili niwasikie. Kimya. Nikangoja. Nilijaribu kukaa juu ya jiwe, nikasimama, nikakaa tena. Nilimwona akilini mtu amevunjika mguu. Niliona pikipiki ya Hajji chini ya daraja. Halafu, kwa namna nisiyoweza kuieleza, mawazo yakahama kabisa kutoka kwao nikaona simu msumarini inalia, na mama anashindwa kuifikia. Niligeuza pikipiki nikarudi kwa kasi.

Niliwakuta si mbali. Pikipiki zao zilikuwa zimeegeshwa chini ya mti mmoja, zote, wazima wote. Mfugaji alikuwa anavusha ng'ombe, wale wenye pembe kubwa, na waendeshaji wamekaa nyasini wakiwaangalia wakipita. Mwalimu wa hesabu alikuwa amevua buti. Mtu wa Kampala alimimina chai.

"Kuna nini?" niliuliza kwa sauti kubwa. "Nani ameumia?"

"Hakuna," alisema daktari wa meno.

"Mbona mmesimama?"

Alinyoosha kidole kwa ng'ombe. "Tunaangalia."

"Lakini hatujafika!"

Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mikono ya mtu aliyezoea watu wanaoogopa. "Unakimbia nini, nyabo?" aliniuliza, kama huko wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Kikagati hapana hama."

Akapiga nyasi kando yake kwa kiganja. Nilikaa. Mtu akanipa chai kwenye kifuniko cha chupa. Ng'ombe walikuwa wengi, wanakwenda polepole, pembe zikigongana kwa sauti ya kuni kavu. Sitasema nilitulia. Magoti yangu yalikuwa yanacheza chini ya sketi. Lakini niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona katika miezi yote ya kupanga: watu hawa waliendesha ili wapate mahali pa kukaa, na mimi niliendesha kwa sababu sikuwa napo. Tulikuwa njia moja, pikipiki nyuma ya pikipiki, na hatukuwa tunafanya kitu kimoja.

Ng'ombe wa mwisho alipopita tukaendelea hadi Kagera, tukanunua ndizi za kuchoma, tukaitazama Tanzania ng'ambo ya maji, tukarudi. Safari hii Hajji alitangulia.

Tulipokaribia shamba alasiri niliona bodaboda inashusha mtu. Nilimtambua kwa kitenge kabla ya uso. Mama alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maishani, hata yangu. Alisema ni kitu cha kuvunja watu. Sasa alikuwa anashuka kwenye bodaboda ya mtu asiyemjua, kikapu kichwani, mguu mmoja umekwama.

Nilitupa pikipiki chini nikakimbia.

"Wamepiga?"

"Nani?"

"Mama! Wamepiga? Walisema nini?"

"Ngoja nishuke," alisema. Akashuka. Akanyoosha kitenge, akamshukuru dereva, akaweka kikapu chini. "Hapana mutu wa dosiye alipiga. Alipiga mwanamuke mumoja tu, nikamwambia plizi kolu Mande, akakata."

"Sasa umekuja kwa nini?"

Aligeuka akaangalia ziwa, si mimi. "Nimechoka na ile kitu. Iko inaniangalia pa ukuta. Nikapika, inaniangalia. Nikaomba Mungu, inaniangalia. Nikasema, hapana, na mimi nitaenda kuona bale batu banalala mu mahema."

Simu ilikuwa ndani ya kikapu, chini ya mihogo. Hakukuwa na mtandao hata kidogo. Mimi na mama tuliitazama pamoja, halafu yeye akaifunika.

Alipita hema kwa hema kama mkaguzi. Aligusa vitambaa, akafungua zipu na kuifunga, akalichungulia la mwalimu akasema ni dogo kuliko jeneza. Mtu wa Kampala, aliyejua Kiswahili kidogo, alijitokeza kumsalimia, na mama akamuuliza pale pale, kwa upole kabisa, swali aliloniuliza mimi: "Nani alikufukuza, baba?" Hajji alikuwa karibu. Alianza kucheka, tumbo likitikisika, akamtazama mama usoni, akaona kwamba mama anangoja jibu. Aliacha kucheka. Alivuta kiti chake cha kukunja akampa.

"Hapana fukuzwa, mama," alisema. "Sisi nachoka na nyumba. Kesho narudi."

"Kesho munarudi."

"Kesho."

Mama alifikiri. "Aya. Kama munarudi, muzuri." Akakaa, akatoa mihogo.

Aliapa hataingia ndani ya hema. Angelala kwa mke wa mwenye shamba. Lakini mvua ilikuja wakati wa kula, mvua ya ghafla na nzito, kila mtu akakimbilia palipo karibu, na mimi nilimvuta mkono tukaingia kwenye hema la daktari wa meno, tukajikuta watatu, magoti kwa magoti. Maji yalipiga juu yetu. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Alikuwa anaangalia chini, kwenye sakafu ya hema. Muda ulipita ndipo nilipoelewa kwamba anangoja maji yaingie. Akapapasa pembeni, kona moja, kona nyingine.

"Haiingii," alisema.

"Hapana ingia, mama," alisema daktari. "Iko na chini yake."

Mama aliendelea kupapasa kwa muda. Kisha akaniachia mkono. Mvua ilipopungua na watu wakaanza kuitana nje, alikuwa amesinzia amekaa, kichwa begani kwangu, na ingawa nilikuwa na kuni za kufunika, sufuria za kuingiza ndani na wageni wa kuhesabu, sikuinuka. Nilikaa pale, bega limekufa ganzi. Sufuria zilioshwa na mvua.

Kulipokucha nilimkuta nje na tawi la majani, anafagia mbele ya mahema. Alikuwa amefika la nne au la tano, nyuma yake udongo una mistari ya ufagio kama ua wa nyumbani. Mwenye kila hema alitoka akakuta mlango wake umefagiwa, akasimama hajui la kufanya na miguu yake.

Walipokuwa wanafunga mizigo Hajji alitangaza kwamba atamrudisha mama mwenyewe, kwa pikipiki kubwa. Nilingoja mama akatae. Alifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, akapanda, akamshika Hajji kiunoni kwa mikono miwili bila haya, akasema waanzie Rwekubo kwa sababu ana kiu ya soda. Nyumba yetu ilikuwa upande mwingine kabisa. Tukaenda Rwekubo, wao mbele, mimi nyuma, na kila walipokata kona nilisikia mama akipiga kelele ambazo kwanza nilidhani ni za woga.

Rwekubo mtandao ulirudi. Simu ilitikisika ndani ya kikapu, mama akaitoa kwa haraka akanipa. Kulikuwa na ujumbe mmoja. Ulitoka kwa mke wa Hajji, ambaye Jumamosi alipiga kutuambia mumewe amesahau dawa zake za goti, akajibiwa kwa Kiingereza na mtu asiyemjua. Aliandika: "Jumatatu saa ngapi?"

Hajji alicheka mpaka akalia. Mama aliuliza tumecheka nini, nikamweleza, akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakatikisika. Tulikunywa soda zetu tumekaa kwenye benchi la duka. Yangu niliimaliza pale pale nilipokaa.

Wale wageni walirudi mwaka uliofuata, na Hajji alifanya tena, safari hiyo nikiwa mfanyakazi wake dukani. Simu tuliyoingojea ilikuja mwaka 2014, asubuhi ya kawaida, nikiwa nimeshika chujio cha mafuta. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya heshima, ikasoma majina mawili. Langu halikuwamo. Nilikuwa nimevuka umri wa kuhesabiwa pamoja na mama, nilielezwa, dosiye yangu imetengwa na itashughulikiwa peke yake. Kama ilishughulikiwa, sijaambiwa.

Mama na mdogo wangu waliondoka mwanzoni mwa 2015, kwa basi la Kampala lililopita Mbarara. Nilikutana nao pale kituoni. Mama aliteremka kwa dakika chache, akanishika uso, akaniambia niwe ninakula chakula cha moto. Akarudi ndani. Basi lilipoanza kwenda nami niliwasha pikipiki. Sikuwa nimepanga. Nililifuata kupita soko, kupita majengo ya mwisho, mpaka barabara ya Masaka, nikiwa kando ya dirisha lao, mdogo wangu amebandika kiganja kwenye kioo, mama ananipungia nirudi, nirudi, na mdomo wake unasema kitu ambacho injini ilikimeza. Mbele ya kilima dereva aliongeza mwendo. Nilikuwa na mafuta ya kutosha kufika Masaka. Niliyafikiria mafuta yale. Kisha nikapunguza, nikasimama pembeni, miguu yote miwili chini.

Mwanamke mmoja mwenye gunia la mkaa alinijia kutoka upande wa pili wa barabara. Aliniona nimesimama, akadhani mimi ni bodaboda.

"Nyabo, unakwenda Biharwe?"

Biharwe ni karibu, mbele kidogo, safari ya kwenda na kurudi. Nilimwambia apande.